Maswali ya Wasomaji: Kipini cha Pua, Kipimo Chake na Madini Yake

Barua za mwezi huu zimejaa vipini. Wengi mnauliza jiwe gani na rangi gani, na tunawaelewa, maana kipini ni pambo la usoni. Lakini malalamiko yenu karibu yote yanatoka upande usioonekana: kijiti kifupi, kishikizo kinachochimba ukuta wa pua, au madini ambayo ngozi imeyakataa. Kwa hiyo tutakaa sana huko ndani. Tunaposema kichwa, ni lile pambo la nje. Kijiti ni ule mti unaopita tunduni, na kishikizo ni kile kinachozuia kipini kisichomoke.

Nimetogwa pua wiki iliyopita kwa sonara. Kanivisha kipini cha dhahabu ya karati 22, kidogo na kizuri. Tangu juzi pua imevimba na kichwa naona kinadidimia. Mama anasema nivumilie, uvimbe utashuka. — Msomaji, Mombasa

Usivumilie, dada. Uvimbe wa siku za mwanzo ni jambo la kawaida, ila kipini kudidimia ni dalili kwamba kijiti ni kifupi. Ukuta wa pua una unene wa milimita chache tu, na ukivimba, kijiti cha milimita 5 au 6 kilichotosha siku ya kwanza kinabanwa pande zote mbili. Kichwa kinaingia nyamani, ngozi inaanza kukifunika, na ikishakifunika, kukitoa ni kazi ya daktari.

Leo hii nenda kwa mtogaji mwenye vipini virefu akuwekee kijiti cha milimita 8. Kabla ya kukitoa hicho cha sasa, lowesha pamba safi kwa maji ya chumvi ya hospitali (salaini ya asilimia 0.9, ile ya kwenye chupa za dripu) na uilaze juu ya pua dakika tano mpaka ukoko ulainike. Usikichomoe mwenyewe na kuliacha tundu tupu. Tundu la wiki moja hujifunga kwa muda mfupi sana, na kama kuna usaha ndani, unabaki umefungiwa humo. Ikiwa kichwa kimeshazama chini ya ngozi, au unasikia homa, pita moja kwa moja hospitali.

Tatizo la pili ni hiyo karati 22. Ni dhahabu njema, asilimia 91.6, na kwa sababu hiyo hiyo ni laini. Waya wake hupinda na kuchubuka upesi, na kila mchubuko ni mahali pa uchafu kujificha. Kwa tundu lililopona haina neno. Kwa kidonda kibichi tungependa karati 14 au 18, au titaniamu.

Dukani kuna vipini vya kila namna na muuzaji hajui tofauti, anasema vyote ni saizi moja. Nichagueje? — Msomaji, Dar es Salaam

Havina saizi moja hata kidogo. Kuna vipimo vitatu, na muuzaji asiyevijua anakuuzia kwa kubahatisha.

Cha kwanza ni unene wa kijiti. Watogaji wengi wanaotumia sindano hutoga kwa milimita 1.0, ambayo kwenye pakiti huandikwa geji 18, au milimita 0.8, yaani geji 20. Geji inakwenda kinyume: namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Vipini vingi vya kisonara vya mtindo wa Kihindi vina waya wa milimita 0.6 au chini ya hapo. Ukitogwa kwa milimita 1.0 kisha ukavaa cha 0.6, tundu linasinyaa kukifuata, na siku ukitaka kurudia kile cha zamani hakiingii. Waya mwembamba ukibeba kichwa kizito nao hukata nyama taratibu kuelekea chini, na tundu huishia kuwa refu kama mfereji.

Cha pili ni urefu, kutoka chini ya kichwa hadi kishikizo. Tundu lililopona huwatosha wengi kwa milimita 6 hadi 6.5. Kukijua chako, chukua kipini ambacho kimekukaa vizuri kwa muda, kilaze juu ya rula na usome, au mwombe sonara akipime kwa kalipa. Kipini kilichokaa sawa, ukikisukuma kwa ndani kidogo, kichwa chake huinuka kama milimita moja juu ya ngozi. Kisipoinuka kabisa ni kifupi. Kikiinuka milimita tatu ni kirefu, na kitanasa kwenye taulo, ushungi na nguo unayoivulia kichwani.

Cha tatu ni upana wa kichwa. Milimita 2 ni kidogo na cha heshima kwa sura nyingi. Milimita 3 kinaonekana kutoka ng'ambo ya chumba. Chini ya 1.5 hatukishauri kwa tundu jipya, kwa sababu ngozi ikivimba hukimeza.

Sasa maumbo ya upande wa ndani. Kipini cha bapa kina kijiti kilichonyooka na kisahani kidogo ndani ya pua, na kichwa kinafungwa kutoka nje. Hicho ndicho tunachokipendelea, kwa tundu jipya na kwa la zamani, maana kisahani hulala kwenye ukuta wa pua bila kuchoma. Kichwa hufungwa kwa skrubu au kwa kuchomeka. Cha kuchomeka kina pini nyembamba nyuma ya kichwa. Unaikunja kidogo sana katikati kwa kidole, kisha unaisukuma ndani ya kijiti chenye uwazi, na huo mkunjo ndio unaoishika. Kikilegea, ongeza mkunjo kidogo. Kama ni cha skrubu, hakikisha meno ya skrubu yako kwenye kichwa, wala si nje ya kijiti. Meno yaliyo nje ya kijiti hukwaruza tundu kila unapokivaa.

Kipini cha L kimepindwa pembe moja, ni rahisi kuvaa na rahisi vilevile kuchomoka. Cha kujikunja kina mkia wa duara na hushika zaidi. Kile chenye kitone mwishoni, ambacho unakisukuma mpaka kitone kipenye na kutokea ndani, tunakikataa kwa tundu lisilopona: kitone ni kinene kuliko kijiti, kwa hiyo kinachana kikiingia na kuchana tena kikitoka. Kwa tundu la mwaka mzima na zaidi, kivae ukipenda.

Harusi yangu ni baada ya wiki tatu. Nataka kutoga pua sasa ili siku hiyo nivae kipini kikubwa chenye mkufu unaofika sikioni. Inawezekana? — Bi harusi mtarajiwa, Unguja

Kutoga inawezekana. Kipini kikubwa chenye mkufu, hapana. Tundu la pua huchukua miezi minne hadi sita kupona, na kwa wengine hufika mwaka. Kwa nje linaonekana limepona mapema, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika, kwa sababu ngozi huanza kufunga kutoka kingoni kuelekea katikati. Ukilining'iniza mkufu tundu la wiki tatu, uzito wake utavuta kuanzia wakati wa kupambwa hadi usiku, huku watu wanakukumbatia, na asubuhi utaamka na pua iliyofura.

Una njia mbili. Ya kwanza, usitoge. Vaa kipini cha kubana. Kichague chenye kibano laini, kijaribu nyumbani nusu saa, na ukiona pua inakufa ganzi au kuwa nyeupe, kilegeze. Kivae kwa saa za sherehe tu, wala usilale nacho. Mkufu uushikize kwenye nywele au ushungi kwa pini ili uzito ubebwe huko. Tunakuomba sana usinunue vile vya sumaku mbili. Sumaku hubana ukuta wa pua bila kulegea, damu inakosa kupita na nyama inaweza kufa. Na zikimezwa mbili, hunasana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.

Njia ya pili, toga leo kwa kipini cha bapa cha titaniamu chenye kichwa cha milimita 2 au 2.5, na siku ya harusi uvae hicho hicho. Titaniamu hupakwa rangi ya dhahabu kwa umeme bila kuongezewa madini mengine, kwa hiyo haitagombana na vito vyako. Mwambie mpambaji asikupake poda wala losheni kuizunguka pua, aache nafasi ya upana wa kidole.

Kuna haja gani ya sindano wakati bunduki ya kutogea ni sekunde moja tu? — Nairobi

Sindano ya kutogea ina uwazi katikati na makali ya mshazari, kwa hiyo hukata njia safi. Bunduki haina sindano. Inachukua kipini chenyewe, ambacho ncha yake ni butu, na kukisukuma kwa nguvu ya springi mpaka nyama ipasuke. Sikioni, kwenye ndewe, wengi hupona. Pua ina gegedu, na gegedu lina damu chache, kwa hiyo likipondwa hupona kwa shida. Isitoshe, bunduki nyingi zina sehemu za plastiki zisizostahimili mashine ya kuchemshia kwa mvuke wa shinikizo, inayofika nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kupanguswa kwa spiriti si sawa na kuua vijidudu vyote. Na kile kishikizo chake cha kipepeo hukusanya kamasi ndani ya pua, mahali ambapo hakisafishiki.

Kwa mtogaji wa sindano, angalia mambo haya kabla hujakaa: sindano ifunguliwe pakitini mbele yako na itupwe kwenye kasha la vitu vyenye ncha baada yako, glovu ziwe mpya, na alama ya kalamu iwekwe puani uikague kwenye kioo ukiwa umekaa wima. Alama ikiwa imepanda mno, ikatae. Anayeona umemsumbua kwa hayo, ondoka.

Asalaam aleikum. Nikitawadha ninapaliza maji puani mara tatu kwa kila swala. Je, kidonda kitaharibika? Na je, nikitoe kipini ili maji yafike? — Lamu

Waaleikumu salaam. La hukumu ya dini muulize sheikh wako. Sisi tunajibu upande wa kidonda. Maji safi hayakidhuru. Kinachodhuru ni maji ya kisima au tangi yasiyo salama, kupenga kwa nguvu, na kukisugua kipini kwa kidole huku unakizungusha. Tumia maji ambayo ungeyanywa. Paliza taratibu, toa maji kwa kuinamisha kichwa, kisha kausha nje kwa kitambaa cha karatasi. Taulo la pamba lina nyuzi zinazonasa. Kwa miezi ya mwanzo kipini kisitolewe, na ukimweleza sheikh, mtajie kwamba tundu hujifunga. Bahari nayo tunaambiwa ni dawa kwa kuwa ina chumvi. Ina chumvi, na ina mengine mengi. Subiri tundu lipone.

Nina kinundu chekundu pembeni ya kipini, mwezi wa tatu sasa. Watu wanasema ni keloidi na nitoe kipini. Nimepaka manjano, dawa ya meno na mafuta ya karafuu. — Tanga

Kwanza acha hizo tatu. Manjano huziba tundu na kuacha chenga ndani, dawa ya meno hukausha na kuchoma, na mafuta ya karafuu yana ukali unaounguza ngozi iliyo wazi. Huenda sasa unauguza majeraha ya dawa kuliko ya kutogwa.

Vinundu vya pua si vya aina moja. Kinachotokea zaidi ni kinundu cha muwasho: chekundu au cha waridi, kimekaa pale pale mdomoni mwa tundu, hutoa majimaji au damu kidogo, na hupanda na kushuka. Hicho kina chanzo, na chanzo kikiondoka kinanywea. Keloidi ni kovu gumu, lenye ngozi nyororo juu yake, ambalo huvuka mipaka ya kidonda na kuendelea kukua taratibu, na halinywei lenyewe. Mara nyingi hujitokeza miezi kadhaa baada ya jeraha. Sisi wenye ngozi nyeusi tunazipata zaidi, kwa hiyo kama wewe au ndugu wa damu mna keloidi sikioni au kifuani, kutoga ni jambo la kulifikiria mara mbili. Kuitibu ni kazi ya daktari wa ngozi, kwa kawaida kwa sindano za steroidi ndani ya kovu. Kuikata tu bila tiba nyingine mara nyingi huirudisha kubwa zaidi.

Kwa maelezo yako tunaona inaelekea kuwa ya muwasho. Tafuta chanzo kwa mpangilio huu. Kijiti: kama ulianza na milimita 8 na hakijapunguzwa, sasa ni kirefu, kinacheza na kuinamia upande mmoja, muombe mtogaji akuwekee 6 au 6.5. Ilifaa kufanyika kati ya wiki ya nne na ya nane. Umbo: kama ni pete, weka kipini cha bapa, maana pete huzunguka na kuingiza ukoko ndani kila unapopenga. Madini: tazama jibu linalofuata. Usingizi: unalalia upande gani? Mikono: unakigusa mara ngapi kwa siku?

Usafi ni asubuhi na jioni, basi. Osha mikono kwa sabuni, mwagia salaini nje na ndani, ngoja ukoko ulainike, uutoe kwa kitambaa cha karatasi bila kuubandua kwa kucha, kisha kausha. Ukikosa salaini ya dukani, chemsha maji, pima kikombe kimoja cha mililita 250, weka robo kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto, acha yapoe na utumie siku hiyo hiyo. Chumvi ikizidi hukausha na kuchelewesha kupona. Usikizungushe kipini, ule ushauri wa zamani wa kukizungusha ili kisigande huchana ngozi mpya kila siku. Kisipopungua baada ya mwezi wa kufanya hivyo, muone daktari wa ngozi.

Na kama kuna joto, maumivu yanayopanda, usaha wa kijani au njano, au wekundu unaotambaa kuelekea shavuni, usingoje mwezi. Ni hospitali siku hiyo hiyo, na kipini kiache mahali pake mpaka daktari aamue.

Huku Ghuba dhahabu ni ya karati 21 na 22, na kuna dhahabu nyeupe na fedha. Ipi haiwashi? — Msomaji, Muscat

Mkosaji mkubwa ni nikeli. Iko kwenye vito vya bei rahisi, na pia kwenye dhahabu nyeupe ambayo haikuchanganywa na paladiamu, kwa hiyo muulize sonara ameing'arisha kwa madini gani. Chuma cha pua cha kawaida, kinachoandikwa 316L, nacho kina nikeli asilimia 10 au zaidi, ingawa imeshikwa vizuri na haitoki ovyo. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: pambo la kutogea lisiachie zaidi ya mikrogramu 0.2 za nikeli kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Ukiwashwa na hereni za bandia au kifungo cha jinzi, jihesabu una mzio wa nikeli.

Karati 21 (muhuri 875) na 22 (muhuri 916) haziwashi wengi. Udhaifu wake ni ulaini tuliousema. Muhuri 750 ni karati 18, na 585 ni karati 14. Dhahabu ya kupakwa juu usiivae puani, kwani rangi hubanduka kwenye kijiti kabla ya kichwa. Fedha subiri mpaka tundu lipone vizuri. Ndani ya kidonda hubadilika kuwa nyeusi na inaweza kuacha doa la kijivu lisilofutika. Titaniamu ya kupandikiziwa mwilini, yenye alama ASTM F136, ndiyo tunayoipendekeza kwa tundu jipya. Ni nyepesi, na kiwango chake hakina nikeli ya kuongezwa.

Kipini changu cha kujikunja kinaniumiza kila nikikivaa. Tundu lina miaka miwili. — Mwanza

Huenda ni cha upande mwingine. Vipini hivyo hupindwa vya kushoto na vya kulia, na ukivaa cha kulia kushoto, mkia unachungulia chini ya pua badala ya kulala ukutani.

Kukivaa: osha mikono na kipini, kilowe kwa salaini au jeli ya maji. Weka ncha ya mkia tunduni kutoka nje, huku kichwa cha kipini kikiwa kimeinama mbali na pua. Sukuma mpaka usikie umefika kwenye pindo la kwanza. Hapo usisukume tena. Zungusha kichwa polepole kufuata mkunjo, nao mkia utajiingiza wenyewe, na kichwa kitashuka kukaa juu ya ngozi. Kidole gumba cha mkono wa pili kiwe ndani ya pua kikipokea ncha. Ikigoma, rudi nyuma nusu hatua na ubadilishe pembe. Anayelazimisha hutoboa njia mpya pembeni ya ile ya zamani, na hayo ndiyo maumivu yako.

Shuleni hawaruhusu kipini. Rafiki zangu huweka njiti ya fagio mchana. — Mwanafunzi, Morogoro

Njiti ya fagio hunyonya majimaji, huvimba, humeguka na haiwezi kutakaswa. Kama tundu halijapona, hakuna cha kuweka na kutoa kila siku kitakachokusalimisha. Toga mwanzoni mwa likizo ndefu na bado hutakuwa umefikisha miezi minne. Kwa ushauri wetu, ngoja umalize shule. Lililopona linaweza kuvaa kijiti cha kioo kisicho na rangi cha unene ule ule, ikiwa shule itakubali.

Kipini kimechomoka nikiwa usingizini na sikipati. Nifanye nini? — Bujumbura

Tafuta kwanza kwenye mto na shuka. Kama umekimeza, mara nyingi hutoka chenyewe, ila ukipata maumivu ya tumbo au kutapika nenda hospitali. Ukianza kukohoa bila mafua, kupumua kwa mluzi au kusikia kitu kifuani, huenda kimeingia njia ya hewa. Nenda hospitali sasa hivi na uwaambie ulikuwa na kipini. Tundu likiwa tupu, ingiza kingine cha unene ule ule usiku huo huo kama kinaingia bila nguvu. Kisipoingia, mtogaji analo koni, yaani kijiti kinachonenepa taratibu, la kulitanua.